Rudolf Diesel: Mhandisi aliyepigana na upotevu wa mafuta

Mkulima wa machungwa wa Muheza anapoingia kituo cha mafuta pale Segera na Land Cruiser yake ya mwaka 1992, keria imejaa matenga na matairi yamepungua upepo, huagiza dizeli bila kufikiri kwamba ametaja jina la mtu. Kwa wengi wa Tanga, Pangani na Korogwe, dizeli ni jina la mafuta tu, kama yalivyo mafuta ya taa au mafuta ya nazi.

Lakini Diesel alikuwa binadamu. Alizaliwa katika familia ya kawaida, akasoma kwa msaada wa ndugu, akatajirika, akafilisika, na akapotelea baharini usiku mmoja wa mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55. Kazi kubwa ya maisha yake ilihusu swali ambalo kila mwenye gari la zamani hujiuliza anapofungua pochi: mafuta haya yote yanakwenda wapi?

Rudolf Christian Karl Diesel alizaliwa Machi 18, 1858 mjini Paris, Ufaransa, wazazi wake wakiwa Wajerumani kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Karakana ilikuwa nyumbani, na mtoto Rudolf alikuwa miongoni mwa waliotumwa kupeleka bidhaa kwa wateja.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, na Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris wakalazimika kuondoka. Familia ya Diesel ilikimbilia London. Maisha huko yalikuwa ya dhiki, na wazazi wakaamua kumpeleka Rudolf, aliyekuwa na miaka 12, kwa ndugu zao mjini Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Mjomba aliyempokea alikuwa mwalimu wa hisabati.

Uamuzi huo ndio uliomtengeneza. Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kuwaeleza kwamba anataka kuwa mhandisi. Alimaliza shule akiongoza darasa, na mwaka 1875 akapata ufadhili wa kusoma chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi wangependa aanze kutafuta fedha mapema, jambo ambalo mzazi yeyote mwenye hali ngumu anaweza kulielewa.

Mjini Munich alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu na ubaridi. Katika somo la joto na nguvu, Linde alieleza kwamba injini za mvuke za wakati ule, pamoja na ukubwa wake wote, zilitumia asilimia 6 hadi 10 tu ya joto la makaa kufanya kazi. Sehemu iliyobaki ilipotea kwenye bomba la moshi, kwenye maji na kwenye chuma chenyewe. Diesel hakulisahau somo hilo.

Ugumu wa hesabu hiyo unaonekana haraka ukiiweka katika shilingi. Mtu aliyenunua magunia kumi ya makaa alikuwa ananufaika na gunia moja, tena wakati mwingine halikutimia. Tisa alikuwa anapasha joto dunia.

Ugonjwa wa homa ya matumbo ulimzuia kufanya mtihani wa mwisho mwaka 1879. Aliufanya Januari 1880 na kupata alama za juu sana. Baada ya hapo alirudi Paris kufanya kazi katika biashara ya mitambo ya barafu ya Linde, akaoa mwaka 1883, mkewe akiitwa Martha Flasche, na wakajaliwa watoto watatu. Kwa miaka kadhaa alijaribu kutengeneza injini inayotumia mvuke wa amonia badala ya maji. Hakufanikiwa. Mwaka 1890 alihamia Berlin akiwa na familia, na huko ndiko wazo lake kubwa lilikokomaa.

Wazo lenyewe linaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kujaza upepo wa baiskeli. Pampu ikisukumwa kwa nguvu, sehemu yake ya chini hupata moto kwa sababu hewa iliyobanwa hupanda joto. Diesel alisema moyoni kwamba hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, inaweza kuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, bila kiberiti wala cheche. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi kabla ya mafuta kuwaka, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa kazi.

Aliomba hataza Februari 1892 na akaipata Februari 1893. Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichoeleza nadharia yake, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumjengea injini ya majaribio. Kampuni ya Krupp ya Essen nayo ikaingia kwa fedha.

Kwa watu wa Tanga, mwaka 1893 una uzito wa aina nyingine. Ndio mwaka ambao Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga, ikafika Muheza mwaka 1896, ikiendeshwa kwa mvuke. Ndio mwaka pia ambao Dk. Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilitoka miche 1,000, ikafika ikiwa hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Na ile mashine ya kusindika mkonge ambayo wafanyakazi wa mashambani wanaiita korona ilipata jina lake kutokana na mashine za Corona zilizotengenezwa na Krupp, kampuni ileile iliyomlipa Diesel.

Mkonge nao una hesabu inayofanana na ya injini ya mvuke. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia kwenye korona, nyuzi zinazotoka ni kama kilo 4. Diesel angekaa mbele ya korona ya Ngomeni au Hale asingetazama nyuzi. Angetazama lile rundo la makapi.

Jaribio la kwanza la injini yake lilifanyika Agosti 10, 1893. Mafuta yaliwaka, presha ikapanda kuliko ilivyotarajiwa, na kipimo kilichofungwa juu ya silinda kikapasuka vipande vikaruka. Hakuna aliyekufa. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho, lakini kwa Diesel lilikuwa thibitisho kwamba hewa iliyobanwa inaweza kuwasha mafuta.

Februari 17, 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa takriban dakika moja. Ilichukua miaka mitatu mingine ya kubadilisha vipuri, kugombana na wenye fedha na kuanza upya. Februari 17, 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Injini ile ya silinda moja, yenye nguvu karibu ya farasi 20, iligeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi.

Hapo kuna jambo ambalo mnunuzi wa gari la zamani anapaswa kulitazama kwa makini. Katika karatasi zake za mwanzo Diesel alikuwa amepiga hesabu ya zaidi ya asilimia 70. Presha aliyoiandika kwenye hataza ilikuwa kubwa mno kwa chuma cha wakati ule, na sehemu ya nadharia yake ilibidi iachwe ili injini ifanye kazi. Wapinzani wake walimshambulia kwa hilo kwa miaka mingi, wakidai kwamba injini aliyoiuza sio ile aliyoipatia hataza. Kwa sehemu walikuwa na haki. Lakini asilimia 26 iliyopimwa mbele ya mashahidi ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya injini nzuri ya mvuke, na mteja analipia kinachopimwa.

Tofauti hiyo kati ya karatasi na kipimo ndiyo inayowasumbua wenye magari ya zamani hadi leo. Kitabu cha gari huandika ulaji wa mafuta wa gari jipya, tupu, kwenye barabara nzuri. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990, ikiwa nzima na inakwenda taratibu kwenye lami ya Segera hadi Tanga, mara nyingi hupata kilometa 8 au 9 kwa lita. Gari hilohilo likipanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto na mzigo wa mbolea linaweza kushuka hadi kilometa 6 au chini yake.

Land Rover ya 300Tdi, yenye injini ya lita 2.5 na turbo, kwa kawaida hufika mbali zaidi kwa lita moja. Ni nyepesi zaidi, injini ni ndogo, na mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Katika 1HZ mafuta huwakia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni. Chumba hicho huifanya injini iwe tulivu na isichague sana mafuta, lakini hupoteza joto, na kwa jumla injini za aina hiyo hula asilimia 10 hadi 15 zaidi ya zile za kupuliza moja kwa moja. Ndugu yake wa petroli, Land Cruiser ya lita 4.5, hunywa zaidi ya hizo zote. Kilometa 5 au 6 kwa lita ni jambo la kawaida.

Sababu za dizeli kushinda petroli ni zilezile za Diesel. Petroli hubanwa mara 8 hadi 10 tu katika injini nyingi za zamani, ilhali 1HZ hubana hewa mara 22 hivi. Injini ya petroli pia huvuta hewa kupitia mlango mdogo unaofungwa dereva anapopunguza mwendo, na kuvuta huko kunakula nguvu. Dizeli haina mlango huo, hivyo faida yake huonekana zaidi gari likienda polepole. Sababu ya tatu haina ujanja wowote: lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli na ina nishati zaidi kwa asilimia kumi na kitu.

Injini ya majaribio ya mwaka 1897 ilitumia mafuta ya taa. Hilo lisimdanganye mtu. Pampu za magari ya leo hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainisho wa kutosha, hivyo pampu husagika taratibu hadi siku ya gharama. Wenye magari waliopitia kipindi cha uchakachuaji hapa nchini wanalijua somo hilo. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachakachuaji.

Mambo yalikwenda haraka baada ya kipimo cha Schröter. Mwaka 1897 Adolphus Busch, tajiri wa kiwanda cha bia nchini Marekani, alinunua haki za kutengeneza injini hiyo kwa nchi yake kwa marki milioni moja. Mwaka 1898 iliundwa kampuni ya kusimamia hataza za Diesel, naye akaiuzia haki zake kwa marki milioni 3.5, sehemu kubwa ikiwa hisa. Akiwa na miaka 40 alikuwa milionea.

Wateja wa kwanza hawakuwa na furaha kama yeye. Injini ya nguvu ya farasi 60 iliyopelekwa kwenye kiwanda cha viberiti cha Kempten ilisumbua mno, na nyingine zilirudishwa. Mafundi wa kuzihudumia walikuwa wachache. Vali ziliungua, vipulizi viliziba. Diesel mwenyewe aliugua kwa msongo na akalazwa kupumzika kwa miezi.

Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia Paris. Injini moja ndogo iliendeshwa pale kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Mara nyingi inasemwa kwamba Diesel ndiye aliyeitengeneza kwa ajili ya karanga, lakini sivyo. Ilionyeshwa na kampuni ya Otto kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa, iliyotaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yanaweza kujipatia nguvu kutokana na mazao yao yenyewe. Diesel aliifuatilia habari hiyo kwa makini, na mwaka 1912 alieleza hadharani kwamba mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na umuhimu kama wa mafuta ya ardhini.

Wakulima wa Tanzania walilisikia wazo hilo kwa sauti nyingine katikati ya miaka ya 2000, walipohimizwa kupanda mbono kaburi. Mashamba makubwa yalifunguliwa, mengine yakafungwa muda si mrefu. Tatizo halikuwa injini. Mafuta ghafi ya mimea ni mazito, huziba nozeli na kuacha masizi yasiposafishwa, na mkulima aliyehesabu siku za kuchuma mbegu aliona mahindi yanalipa zaidi.

Kitu ambacho Diesel alikitamani tangu mwanzo kilikuwa injini kwa ajili ya mtu mdogo. Injini ya mvuke ilihitaji jengo, tangi na mtaji mkubwa, hivyo ilimpa nguvu mwenye kiwanda na kumuua fundi wa mtaani, mtu wa aina ya baba yake. Alitaka mashine ambayo seremala au mfumaji angeiweka kwenye chumba chake. Lakini injini yake ya kwanza ilikuwa nzito kama nyumba, ikihitaji kompresa ya kupuliza mafuta, na walioweza kuinunua walikuwa haohao wakubwa.

Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu ushirika. Alipendekeza wafanyakazi wachange fedha kidogo kidogo katika mfuko wa pamoja, mfuko uwadhamini, nao waanzishe viwanda wanavyovimiliki wenyewe. Inasemekana alikiona kitabu hicho kuwa kazi kubwa kuliko injini. Zilichapishwa nakala 10,000, zikauzwa mia chache tu. Mwanachama yeyote wa chama cha ushirika aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa mwaka anaweza kukisia kilichomshinda: fedha za pamoja ni ngumu kuliko chuma.

Baharini injini yake ilipata soko. Mwaka 1903 meli ya mafuta Vandal ilianza kufanya kazi katika mto Volga nchini Urusi. Mwaka 1912 Selandia, meli ya mizigo ya Denmark, ilisafiri kwa dizeli hadi Bangkok, na wamiliki wa meli wa dunia wakaanza kupiga hesabu upya. Meli ya dizeli haikuhitaji kundi la watu wa kukoleza makaa wala ghala kubwa la makaa, na nafasi iliyookolewa ilibebwa mzigo wa kulipiwa.

Gari dogo lilichelewa. Diesel hakuliona. Ilibidi Prosper L'Orange abuni kile chumba kidogo cha pembeni mwaka 1909, na kampuni ya Bosch ianze kutengeneza pampu ya mafuta kwa wingi mwaka 1927, ndipo kompresa ikatupwa. Malori ya dizeli yalitoka miaka ya 1920, Mercedes-Benz 260 D mwaka 1936, na Land Rover ya kwanza ya dizeli mwaka 1957. Mashine za kusaga na kukoboa za vijijini Handeni na Kilindi, za silinda moja, zenye kupozwa kwa pipa la maji, ndizo zinazokaribia zaidi ile ndoto yake ya injini ya mtu mdogo.

Kwa wenye mashangingi ya zamani, kazi ya Diesel huharibiwa mara nyingi gereji kuliko barabarani. Injini ikichemka, fundi huondoa themostati na kuitupa. Gari linapoa, mwenye gari anashukuru, lakini injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi, na injini baridi hula zaidi na kusagika mapema. Kilichotakiwa kilikuwa kusafisha rejeta.

Mchezo mwingine ni wa kufungua pampu. Gari likilalamika mlimani, fundi hukaza skrubu inayoongeza mafuta, na kweli linapanda Soni kwa kishindo. Moshi mweusi unaotoka nyuma ni mafuta yaliyonunuliwa na hayakuungua. Moshi huohuo hutokea nozeli zikichoka, au chujio la hewa likijaa vumbi jekundu la Handeni, na kuligonga chujio kwenye tairi hakulifanyi kuwa jipya.

Upepo wa matairi, keria isiyo na mzigo inayobaki juu mwaka mzima, na difu ya mbele iliyosahaulika ikiwa imefungwa kwenye lami huongeza ulaji bila kelele. Mwendo nao una hesabu yake: gari la umbo la sanduku likitoka kilometa 80 hadi 100 kwa saa, upepo unaolizuia huongezeka kwa zaidi ya nusu. Injini inayounguruma wakati matenga yanapakiwa huchoma nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na hakuna kilometa inayoandikwa.

Wengi wanaolalamikia ulaji hawajaupima. Kipimo cha kuaminika ni kujaza tangi hadi juu, kuandika kilometa, kutembea siku kadhaa za kazi ya kawaida, kisha kujaza tena hadi juu pampu ileile na kugawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Aliyefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani akumbuke kwamba saa ya kilometa inamwonyesha pungufu, na atadhani gari linakula zaidi ya ukweli. Schröter alifanya vivyo hivyo mwaka 1897, akipima mafuta yaliyoingia na kazi iliyotoka, na sio kwa kusikiliza sauti.

Fedha za Diesel mwenyewe hazikupimwa kwa uangalifu huo. Alijenga jumba la kifahari Munich. Akanunua viwanja kwa matumaini ya bei kupanda, akaweka fedha kwenye visima vya mafuta vya Galicia, katika Ulaya ya mashariki, akashtakiwa na kushtaki. Visima havikulipa, viwanja vikageuka madeni. Mtu aliyewaonyesha wengine jinsi joto linavyopotea alikopa ili kulipa riba, na kwa muda mrefu hata nyumbani kwake hawakujua. Kampuni ya hataza ilivunjwa mwaka 1911, na hataza zenyewe zilikuwa zimeisha muda, kwa hiyo injini zilizokuwa zikienea duniani hazikumletea tena mapato ya kutosha.

Kwa nje aliendelea kuheshimiwa. Mwaka 1912 alizunguka Marekani akihutubia wahandisi. Mwaka 1913 alialikwa Uingereza kwa shughuli za kampuni iliyokuwa ikijenga kiwanda cha injini zake Ipswich. Kabla ya kuondoka alimpa mkewe mkoba na kumwelekeza asiufungue mpaka wiki inayofuata.

Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli ya Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzake wawili. Walikula chakula cha usiku, wakatembea kidogo juu ya sitaha, na kama saa nne usiku akaenda chumbani, akiwa ameagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Alipogongewa hakuwepo. Kitanda hakikulaliwa, nguo za kulalia zilikuwa zimetandazwa, na kofia na koti lake vilikutwa sitahani. Katika shajara yake tarehe ile ilikuwa imewekewa alama ya msalaba.

Magazeti yalisema mengi. Wengine walidai aliuawa na majasusi wa Ujerumani ili asiwauzie Waingereza siri za nyambizi, wengine wakawataja wafanyabiashara wa mafuta. Ushahidi wa hayo haujapatikana. Martha alipoufungua mkoba alikuta marki 20,000 taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti za benki zilikuwa karibu tupu.

Siku chache baadaye mabaharia wa meli ya Uholanzi waliona mwili ukielea karibu na mlango wa mto Scheldt. Bahari ilikuwa imechafuka na mwili ulikuwa umeharibika. Walichukua vitu vilivyokuwa mfukoni, wakauacha uende na maji, kama ilivyokuwa desturi yao. Vitu hivyo vilikuwa kikopo cha vidonge, pochi, kisu kidogo na kifuko cha miwani. Mtoto wake, Eugen, alisafiri hadi Vlissingen, akawekewa mezani, na Oktoba 13, 1913 akathibitisha kwamba vilikuwa vya baba yake.